Namna ya Kuzungumza Sayansi ya Anga na Wapenzi wa Hadithi za Kisayansi

Mwongozo huu ni kwa mwanaastronomia, mwalimu wa fizikia au mwanafunzi wa chuo aliyealikwa kuzungumza na watu wanaosoma, wanaotazama na pengine wanaoandika hadithi za kisayansi hapa Uganda, iwe ni klabu ya wasomaji mjini Kampala, chama cha wanafunzi huko Mbarara, au vijana wanaokutana katika kibanda cha video Arua au Busia. Wengi wetu wanaastronomia huitikia mwaliko wa namna hii kwa kuchukua somo tunalowapa wanafunzi wa sekondari na kulipunguza makali. Hilo halifai, kwa sababu hadhira hii ina sifa ambayo darasa la kawaida halina: imezoea kuishi ndani ya ulimwengu wa kubuni wenye kanuni zake, inazijua kanuni hizo kuliko mtu yeyote wa nje, na huudhika mwandishi anapozivunja pasipo sababu. Mtu wa aina hiyo hana haja ya kuambiwa kwamba hadithi aipendayo ni ya kubuni, maana alilijua hilo tangu ukurasa wa kwanza. Mkabidhi kanuni za ulimwengu halisi pamoja na vipimo vyake, azitumie kupima hadithi za wengine na, akipenda, atunge ya kwake.

Kabla ya siku yenyewe

Muulize mwenyeji wako mapema kundi lake limekuwa likisoma na kutazama nini miezi ya karibuni, kisha uzipitie mwenyewe angalau kazi mbili kati ya hizo. Ikiwa ni filamu, tafuta nakala iliyotafsiriwa na VJ, yaani msimuliaji anayeitafsiri filamu kwa sauti yake juu ya picha. Katika vibanda vya video vya Uganda watu hawatazami filamu ya Marekani peke yake. Wanaitazama pamoja na sauti ya mtu anayeeleza, anayetania, anayempa nahodha wa chombo cha anga jina la kijana wa mtaani, na anayeongeza mambo ambayo mtunzi hakuyafikiria hata kidogo. Mzungumzaji asiyelijua hilo atashangaa kuulizwa juu ya tukio ambalo halimo katika filamu aliyoitazama yeye nyumbani. Zaidi ya hayo, VJ hodari ni mwalimu mzuri kwa mtaalamu yeyote wa sayansi, kwa kuwa hukatiza pale tu ambapo neno lake litaongeza utamu, na hunyamaza pale picha inapojitosheleza.

Kutokana na ulichokisoma na kukitazama, chagua maswali mawili au matatu ambayo hadithi zenyewe zimeyaibua, na uyafanye kuwa uti wa mgongo wa mazungumzo yako. Ikiwa umepewa saa nzima, zungumza dakika 20 tu na uache muda uliobaki kwa mazoezi na maswali. Andaa somo linaloweza kuendelea kwa chaki na ubao, kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote na picha zako zote zikabaki ndani ya kompyuta. Ubao unafaa hata umeme ukiwepo: kundi la Kampala litachanganya Kiluganda, Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja, na namba kubwa inayotajwa kwa mdomo katika mchanganyiko huo hupotea njiani, ilhali ile iliyoandikwa humfikia kila mtu.

Umbali uje kwanza

Ukiwa na nafasi ya kufundisha jambo moja tu, fundisha umbali. Muda wa safari, upweke wa wasafiri, kuchelewa kwa habari, gharama ya biashara na hata sababu za vita katika hadithi za anga, vyote hutegemea umbali. Watu wameshasikia kwamba nyota ziko mbali sana, lakini maneno hayo hayana uzito mpaka yafungwe kwenye barabara wanayoijua.

Chukua mita moja iwe umbali kutoka Jua hadi Dunia, ambao kwa kweli ni kilomita milioni 150 hivi. Weka punje ya mahindi mbele ya ukumbi iwe Jua, kwa sababu katika kipimo hiki kipenyo cha Jua ni milimita 9 na kidogo. Dunia itakuwa chembe isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita, hatua moja tu kutoka kwenye punje hiyo. Mshtarii utakuwa mita 5 kutoka kwenye punje, Zohali mita 9 na nusu, na Neptuni mita 30, pengine nje ya mlango. Voyager 1, chombo kilichorushwa Septemba 1977 ambacho kiko mbali nasi kuliko kitu kingine chochote kilichotengenezwa na binadamu, hakijafika mita 200. Hapo waulize wasikilizaji waiweke wapi Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua, na uwaache wabishane kabla ya kuwapa jibu. Jibu ni kilomita 268: mtu apande basi Kampala, apite Masaka, ashukie Mbarara.

Usiishie kwenye mshangao, kwa kuwa mshangao huisha kabla mtu hajafika nyumbani. Waambie watoe simu zao wafanye hesabu wenyewe. Mwaka mmoja wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka, ni kilomita trilioni 9.46, na Proxima Centauri iko umbali wa miaka 4.24 ya nuru, yaani kilomita trilioni 40 hivi. Voyager 1 husafiri kilomita 17 kwa kila sekunde, ambazo kwa mwaka mzima zinakuwa kilomita milioni 536. Wakigawanya watapata karibu miaka 75,000, na hapo inafaa useme wazi kwamba chombo hicho hakielekei huko hata kidogo, maana daima atakuwepo mtu anayelijua hilo na anayesubiri kukuona kama unalijua.

Baada ya hesabu hiyo mtu atauliza kwa nini tusiongeze kasi. Hilo ndilo swali ulilokuwa ukilitafuta. Chukua chombo kinachokwenda kwa sehemu ya kumi ya kasi ya nuru, ambacho kingefika Proxima Centauri kwa miaka 42 hivi, muda unaomruhusu binadamu kuondoka akiwa kijana na kufika akiwa mzee. Ili kuipa kilo moja tu ya chombo hicho kasi hiyo, ungehitaji umeme wote wa bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, kwa karibu siku 9 za kufanya kazi usiku na mchana, tena kwa kudhani kwamba hakuna nishati inayopotea njiani. Zidisha kwa uzito wa chombo, wasafiri, chakula na maji yao, kisha uzidishe tena kwa sababu ni lazima chombo kipunguze mwendo kitakapofika. Mtu aliyeifanya hesabu hii mara moja hatasoma tena hadithi ya safari za nyota bila kujiuliza nani alilipia nishati, na swali hilo peke yake linaweza kubeba riwaya nzima.

Zoezi la pili linahusu ucheleweshaji wa habari, na kwa maoni yangu ndilo bora kuliko yote niyajuayo kwa hadhira hii. Ujumbe wa redio huchukua sekunde 1.3 kufika Mwezini. Kufika Mirihi huchukua dakika 3 hivi sayari hizi mbili zinapokaribiana sana, na dakika 22 hivi zinapokuwa pande mbili tofauti za Jua. Chagua mtu mmoja abaki ukumbini awe kituo cha Dunia, na mwingine atoke nje awe msimamizi wa kituo cha Mirihi. Kati yao awepo mbeba vikaratasi ambaye haruhusiwi kukabidhi kikaratasi chochote mpaka dakika 4 zipite kwa saa ya simu yake. Msimamizi wa Mirihi aandike kwamba mlango wa kituo unavuja, kwamba hewa iliyobaki inatosha dakika 6, na aombe maelekezo. Wewe endelea na mazungumzo yako. Kikaratasi kitakapoingia na kituo cha Dunia kuanza kuandika jibu kwa haraka, ukumbi utaanza kupiga hesabu: dakika 4 za kuja na dakika 4 za kurudi ni 8, na hewa ni ya dakika 6. Mtu wa Mirihi alitakiwa kuamua peke yake tangu mwanzo. Kutoka hapo eleza kwa nini vyombo vinavyotua Mirihi hujiongoza vyenyewe katika dakika za mwisho, na waache wenyewe watambue ni hadithi ngapi walizozisoma ambazo zingebadilika kabisa kama mazungumzo ya papo kwa papo yangeondolewa.

Suala la sauti kutosafiri katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa, usilipe muda. Mashabiki wamelisikia mara nyingi mno, na mzungumzaji anayelianza nalo huonekana amekuja kukosoa tu.

Namna ya kusahihisha

Kila utakapoulizwa kama jambo fulani linawezekana, liweke katika moja ya mafungu matatu na ulitaje fungu hilo kwa sauti. Fungu la kwanza ni la mambo yanayokatazwa na fizikia tunayoijua, kama kutuma habari kwa kasi inayozidi kasi ya nuru. La pili ni la mambo ambayo fizikia inayaruhusu lakini hatujapata vifaa au fedha za kuyatekeleza. La tatu ni la mambo ambayo hakuna anayeyajua, kama vile kuwepo kwa uhai nje ya Dunia. Mtaalamu anayejibu "haiwezekani" kwa mafungu yote matatu hupoteza imani ya wasikilizaji wake, na anastahili kuipoteza.

Fungu la pili ndilo tajiri zaidi, na lina mfano unaotuhusu moja kwa moja. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786 huenda sambamba na mzunguko wa Dunia, kwa hiyo huonekana kama imesimama juu ya mahali pamoja. Wahandisi na waandishi wa hadithi wamewaza kwa muda mrefu kuteremsha kebo kutoka kimo hicho hadi ardhini, kufunga uzito upande wake wa juu, na kupandisha mizigo kwa lifti badala ya roketi. Fizikia haikatai; kinachokosekana ni kebo ndefu kiasi hicho iliyo nyepesi na imara vya kutosha isikatike kwa uzito wake yenyewe. Mahali panapofaa kuifunga ni kwenye ikweta au karibu nayo, na ikweta inapita katika nchi yetu. Alama yake iko Kayabwe, kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka. Ukiwauliza vijana waijenge lifti hiyo Uganda, watakutajia wenyewe ardhi, siasa na ushuru. Wewe waongezee radi, kwa kuwa ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye dhoruba nyingi za radi, na uwaulize watailinda vipi kebo ya makumi ya maelfu ya kilomita.

Kuna mambo ambayo watu huyadhania kuwa ya fungu la kwanza ilhali yameshatokea. Kusafiri kwenda wakati ujao ni mfano mzuri. Saa zilizo ndani ya setilaiti za GPS huenda mbele ya saa za ardhini kwa maikrosekunde 38 hivi kila siku, kwa sababu kule juu mvutano wa Dunia ni dhaifu zaidi, hata baada ya kutoa kile kinachopungua kutokana na kasi ya setilaiti zenyewe. Kama mfumo huo usingerekebishwa, makosa ya mahali yangefika kilomita 10 hivi kwa siku, na dereva wa boda boda anayemfuata abiria kwa programu ya simu angetafuta mteja wa Ntinda huku yuko wilaya nyingine. Nadharia ya Einstein, inayosema kwamba kasi na mvutano hubadilisha mwendo wa saa, imo mfukoni mwa kila aliyeketi ukumbini, na jambo hilo lisemwe.

Unapolazimika kusahihisha kosa la hadithi, hakikisha kile unachokiweka mahali pa kosa kinasisimua kuliko kosa lenyewe. Kama huna kitu cha namna hiyo, liache kosa lipite. Filamu nyingi humwonyesha mtu akipasuka anapotupwa nje ya chombo bila vazi la anga. Ukweli ni kwamba hapasuki: hubaki na fahamu kwa sekunde 10 hadi 15, na akirudishwa haraka kwenye hewa anaweza kupona. Mwaka 1966 huko Houston, fundi mmoja wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliyekuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba cha ombwe alipoteza hewa baada ya bomba kuchomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, hewa ikarudishwa, naye akapona, na kitu cha mwisho alichokikumbuka ni mate yakichemka ulimini mwake. Mwandishi aliyepewa sekunde hizo ana tukio bora zaidi kuliko mlipuko.

Ukanda wa asteroidi, yaani miamba inayozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, nao huonyeshwa kama msitu wa miamba inayogongana, ilhali wastani wa nafasi kati ya miamba mikubwa ni mamia ya maelfu ya kilomita na zaidi, na vyombo vyetu vimekuwa vikiuvuka salama tangu Pioneer 10 ilipofanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata nuru haitoki ndani yake, halimezi kila kilicho karibu: Jua letu lingegeuzwa leo kuwa shimo jeusi lenye uzito uleule, lingekuwa na nusu kipenyo cha kilomita 3, nasi tungeendelea kulizunguka kwa mwendo wetu wa kawaida, tukiganda kwa baridi gizani.

Mambo yaliyotokea kwetu

Mashabiki wengi wamekulia katika hadithi ambamo anga ni jambo la Marekani, Urusi na Japani. Usilihutubie suala hilo. Lijibu kwa matukio. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe kutoka angani yalianguka katika eneo la Mbale, na kipande kimoja cha gramu 3.6 kilimgonga mvulana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, bila kumjeruhi. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha Mwezi kilipita kaskazini mwa Uganda, na waliokusanyika Pakwach waliona Jua likifunikwa lote kwa muda usiofika nusu dakika. Tarehe 7 Novemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, ilirushwa kutoka Virginia kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga, na mwezi uliofuata ikaachiwa ianze kuizunguka Dunia. Beba boksi la sentimita 10 kila upande uwaonyeshe ukubwa wake, kwa kuwa hakuna mtu anayeamini mpaka aone.

Tukio ambalo mimi hulipa muda mrefu zaidi ni la majirani zetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kukifanya kiwe kitu cha kwanza kukubaliwa na wanaastronomia wengi kuwa shimo jeusi. Kwa hiyo sehemu ya historia ya mashimo meusi, yaliyojaa katika hadithi wanazozipenda, ilianzia pwani ya Afrika Mashariki. Roketi zilirushwa pale kwa sababu iliyo wazi: kwenye ikweta ardhi yenyewe inazunguka kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi huanza safari ikiwa tayari na mwendo huo.

Kutoka nje

Mazungumzo yakifanyika jioni, watoe watu nje hata kwa dakika 15, kwa kuwa Uganda ina anga ambayo waandishi wa Ulaya hawana. Kwenye ikweta nyota za kaskazini na za kusini huonekana zote kwa nyakati zake, na huchomoza zikipanda wima. Epuka miezi ya mvua. Kwa Kampala na maeneo ya kusini, Desemba hadi Februari na Juni hadi Julai ndiyo miezi yenye nafuu ya mawingu. Mwishoni mwa Januari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, ukanda wa nyota tatu za Orioni hupita karibu kabisa na utosi. Mwishoni mwa Juni, karibu saa tatu usiku, waelekeze wasikilizaji kusini na uwaambie wanyooshe mkono wapange ngumi tatu kutoka upeo wa macho: hapo watakuta nyota angavu ya Alpha Centauri, na upande wake wa kulia Msalaba wa Kusini ukianza kuinama. Proxima Centauri ni mwenzi wa nyota hiyo, ingawa haionekani kwa macho matupu. Waliokuwa ukumbini wakipanga safari ya miaka 75,000 sasa wanaiangalia shabaha yao wakiwa wamesimama kwenye nyasi, na hapo maneno yako yapungue.

Darubini ya macho mawili ya kawaida inatosha kuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii ikiwa sayari hiyo iko angani, mradi uishikilie imara juu ya ukuta au bega la mtu. Usiruhusu yeyote aielekeze darubini kwenye Jua. Ukitumia taa ya leza kuonyesha nyota, iwe mkononi mwako peke yako na uizime mara tu unapoona taa za ndege, hasa katika maeneo yaliyo karibu na Entebbe. Kama kundi lina nafasi ya kusafiri, anga ya Karamoja haina mfano, lakini uwanja wa shule nje ya mji unatosha kabisa.

Kwa wanaoandika

Katika kila kundi kuna mmoja au wawili wenye daftari. Wape muda wao baada ya wengine kuondoka. Mwandishi akikuletea kisa chake, usianze kwa kupigia mstari makosa. Muulize kwanza ni jambo gani lisilowezekana ambalo kisa chake hakiwezi kusimama bila hilo. Likubali jambo hilo, kisha msaidie kuhakikisha mengine yote yanafuata kanuni. Ikiwa amebuni injini inayozidi kasi ya nuru, ipite, lakini muulize inatumia nishati gani, nani anaimiliki, na nini kinatokea inapoharibika katikati ya safari.

Mwandishi anahitaji namba chache zilizo sahihi kuliko maelezo marefu. Anayetaka kituo cha anga kinachojizungusha ili watu watembee kama wako Dunia mwambie kwamba kikizunguka mara mbili kwa dakika lazima kiwe na nusu kipenyo cha mita 224 hivi, na kwamba kikiwa kidogo zaidi kitalazimika kuzunguka haraka zaidi mpaka watu wahisi kizunguzungu. Anayeandika juu ya Mirihi ajue kwamba uzito wa mtu kule ni asilimia 38 ya uzito wake hapa, kwamba siku yake ina saa 24 na dakika 39 hivi, kwamba machweo yake yana rangi ya samawati kuzunguka Jua, na kwamba shinikizo la hewa halifiki asilimia moja ya letu, kwa hiyo upepo hauwezi kuangusha roketi. Hatari ya dhoruba ya Mirihi ni vumbi linaloziba Jua: gari la uchunguzi la Opportunity, lililotua Januari 2004, lilikatika mawasiliano Juni 2018 baada ya dhoruba kubwa kuyanyima mwanga mabamba yake ya sola. Mwandishi aliyekuja na upepo ataondoka na giza la wiki kadhaa na betri zinazoshuka, na sijaona bado aliyelalamika kwa mabadilishano hayo.

Usimwandikie hadithi yake. Ukishampa namba, nyamaza.

Maswali ya pembeni

Ataulizwa mara kwa mara mtaalamu wa anga kama kweli watu walitua Mwezini. Jibu kwa kifupi: wasafiri wa Apollo 11, 14 na 15 waliacha vioo ambavyo hadi leo vituo vya uchunguzi huvipiga kwa leza na kupokea mwanga unaorudi, na kwa vipimo hivyo tunajua Mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Swali la viumbe wa sayari nyingine lirudishe katika fungu la tatu: tangu 1995, sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyofanana na Jua ilipotangazwa, tumethibitisha zaidi ya sayari 5,000 nje ya mfumo wetu wa jua, na hatujapata ushahidi wa uhai katika hata moja. Anayeuliza kwa nini Uganda itumie fedha angani huku zahanati hazina dawa ameuliza swali la haki, na asijibiwe kwa dharau. Mweleze kazi ya picha za setilaiti katika kufuatilia mvua, mashamba na maji ya ziwa, kisha umwachie nafasi ya kutokubaliana nawe. Anayetaka kutabiriwa bahati yake kwa nyota mwambie kwa upole kwamba kazi yako haifiki huko.

Kabla ya kuondoka, gawa karatasi ya ukurasa mmoja yenye namba zote mlizozitumia: kasi ya nuru, urefu wa mwaka wa nuru, umbali wa Mwezi, Mirihi na Proxima Centauri, kimo cha setilaiti ya ikweta, nusu kipenyo cha kituo kinachojizungusha na mvutano wa Mirihi. Acha nafasi tupu chini yake kwa hesabu za mwenye karatasi, na juu kabisa uandike tarehe, kwa kuwa idadi ya sayari na umbali wa Voyager 1 hubadilika, na atakayeiokota miaka mitatu baadaye ajue ni namba za lini.